Injini ya Dizeli Niliyokufungia, Kaka

Kaka yangu Elia,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Hata tulipogombana ulinidai salamu kwanza, ndipo tuendelee kugombana.

Huu ni mwaka wa tisa tangu tukuzike Kinampanda. Nimejifungia kwenye gereji yangu hapa Singida mjini mchana kweupe, wateja wanagonga na ninawaacha wagonge. Nina jambo la kukueleza, na nimechelewa nalo vibaya sana.

Unakumbuka pikapu yako ilipokuwa bado ya petroli? Miaka ile mafuta yalipatikana kwa kibali na kwa kujuana, kwa hiyo ukifika juu ya mlima Sekenke ulikuwa unatoa gia na kuiacha gari ijiteremkie yenyewe mpaka chini mbugani. Kuteremka na frii, ndivyo madereva wote walivyobana mafuta. Mimi nilikaa kando yako nimeushikilia mlango kwa mikono miwili, wewe unapiga mluzi wa nyimbo za kwaya, na kwenye kona unagusa breki kidogo tu, gari inatii. Sijamwona tena mtu anayeendesha kwa raha namna ile. Siku moja uliniona nimefumba macho, ukanicheka mpaka Shelui, na jioni ukamsimulia mama. Nilikasirika, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaishi na magari.

Ukanipeleka chuo cha ufundi. Ulilima shamba lako na langu ili nisome, na hukuwahi kunitajia jambo hilo hata siku niliyokujibu ovyo mbele ya shemeji.

Kisha biashara ikaachiwa. Mwenye alizeti akauza kwa amtakaye, na maduka ya mjini yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa wenzetu waliofika Mombasa. Ukaja gerejini unang'aa uso. Ukasema petroli inakumaliza, lakini ukipata injini ya dizeli utazoa alizeti yote ya Kinampanda na Ulemo uipeleke Igunga, bila kumpigia mtu magoti. Tukaipata kwa mzee mmoja wa mjini aliyekuwa akileta injini zilizotumika kutoka ng'ambo. Ilikuwa nzuri, kavu, haina hata tone la oili nje. Ilikosa kitu kimoja tu.

Hapa nieleze vizuri, maana barua hii wataisoma na wengine. Injini ya petroli ina mvuto wake wa hewa, na mvuto huo hupita kwenye mpira na kuusaidia mguu wa dereva anapokanyaga breki. Dizeli haina mvuto huo, na bila huo breki huwa ngumu, gari yenye mzigo haishikiki mteremkoni ila kwa gia. Lazima ifungwe pampu ndogo ya kuufanya, na ile yetu pampu yake ilikuwa imeshanyofolewa. Yule mzee hakutuficha. Aliniambia mimi, wewe ukiwa nje unamtafuta kuli, kwamba tusubiri, ataagiza nyingine Dar es Salaam.

Sikutaka kusubiri. Alizeti ilikuwa inavunwa, na watu walishaanza kujaa gerejini kutazama. Ulikuwa unajua kwamba mdogo wako anapenda kutazamwa. Tulisimamisha nguzo tatu za mkaratusi, tukaing'oa injini ya zamani kwa mnyororo, nikakata vyuma vya lori bovu na kuvichomelea viwe mikono ya kuishika hii mpya. Nikaongeza jani la springi mbele kwa sababu ya uzito. Kila nilichofanya kilikaa sawasawa, na kila kilipokaa sawasawa watu walinisifu. Ukabaki ule mpira wa breki unaning'inia, hauna pa kwenda. Nikauziba kwa bolti.

Wewe uliona. Uliinama ukaushika, ukaniuliza, "Na huu mpira, mdogo wangu?"

Nikakujibu mbele ya wale watu wote, "Huo ulikuwa wa petroli. Hauna kazi tena."

Ukaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa. Hukuuliza mara ya pili, maana mimi ndiye niliyesoma.

Tuliijaribu kwenye barabara ya Mkiwa, tambarare, nyuma kumepakiwa tairi moja la akiba. Ukasema breki zimekuwa nzito. Nikasema utazizoea. Na unajua desturi yetu mafundi, kwamba aliyefunga injini hupanda safari ya kwanza yenye mzigo, akae kando ya dereva asikilize. Sikupanda. Mtu mwingine alikuwa ameshaleta gari yake nimfungie dizeli kama ya kwako, nami nikaona ni aibu kumwacha anasubiri. Ukaniambia nisijali, utapita kunieleza ukirudi.

Wiki hiyohiyo ulipakia alizeti mpaka juu ya kichwa cha gari, ukashika njia ya Igunga, ukafika Sekenke, ukateremka kama ulivyoteremka miaka yote. Walikukuta bondeni chini ya kona ya pili, magunia yamekufunika. Waliokufikia kwanza waliona gia iko frii, na habari hiyo ilifika msibani kabla ya mwili wako.

Siku ya maziko wazee wa ukoo waliniita niseme, kama fundi na kama ndugu. Nikasema, "Nilimwonya asiteremke na frii. Hakusikia."

Kaka, sikukuonya. Neno hilo halikunitoka kinywani hata mara moja. Ningekuambia usitoe gia ningelazimika kukueleza kwa nini, na kukueleza kwa nini ni kusema kazi yangu haijakamilika.

Uongo wangu uliota mizizi haraka. Ukawa mkaidi, wewe uliyesikiliza watu kuliko sisi sote. Naomi wako alikuwa na miaka sita, na toka hapo kila alipokosea aliambiwa hiyo ni damu ya baba yake, haisikii la mtu. Nimekaa kwenye sebule yenu nikala ugali wa shemeji huku nikisikia hayo. Mwaka huu amefikisha kumi na mitano. Mwezi uliopita mama yake alimgombeza kwa kuchelewa kisimani, akayarudia yaleyale, na mtoto akanigeukia mimi. Hakulia. Aliniuliza kama ni kweli baba yake alikuwa mtu wa namna hiyo.

Nikasema yote. Shemeji alisimama akaniondolea sahani. Akaniambia uongo wangu niliusema mbele ya ukoo, basi na ukweli niende nikauseme palepale.

Nimekwenda, kaka. Jumapili iliyopita nilisimama palepale mbele ya wazee, wale waliobaki. Nilidhani watanipiga, na kusema kweli nilitamani wanipige. Waliniacha nimalize, kisha mmoja akaanza kuzungumzia mvua, na wote wakamfuata kwenye mvua. Sasa jina lako limesafishwa Kinampanda. Kwenye kisima wanasema Elia aliponzwa na mdogo wake, na ndivyo ilivyokuwa. Nilitegemea nikishatua mzigo huu nitalala. Silali. Ninakukumbuka vibaya zaidi kuliko mwanzo, maana zamani nilikuwa nimekukasirikia kidogo kwa kosa nililokutungia mwenyewe, na hasira hiyo ilinisaidia. Sasa sina cha kukukasirikia.

Sikuombi msamaha kwa barua. Kama ungekuwepo ungenisamehe haraka sana, najua, na hilo ndilo linaloniuma.

Naomi ameletwa mjini, anaishi kwa mama yake mkubwa. Tangu aanze kusema, mimi ni baba mdogo. Jina langu hasa sidhani kama analijua. Jana tulikutana njiani karibu na soko. Niliona amenyanyua macho yako yaleyale, nikasimama. Akapiga goti kidogo kwa adabu, kama mama yake alivyomfunza, akasema, "Shikamoo, fundi."

Nikaitikia marahaba, naye akapita.

Pumzika, kaka. Natia sahihi kwa undugu kwa sababu sina namna nyingine ya kukuandikia.

Mimi,
mdogo wako