Kola ya Hadithi ya Mwisho

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia pasi ikipoa, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni dobi, huu mwaka wa thelathini na moja, na kaka yangu ndiye yule mwandishi wa hadithi fupi ambaye watu wakimtaja wanakaa vizuri kwenye viti, miaka yote kaandika watu kama sisi, fundi viatu, muuza mkaa, mke wa mlinzi, na sasa anaumwa, daktari keshasema lake, na yeye mwenyewe kasema hiki ndicho kitabu cha mwisho, na hadithi ya kufungia kitabu, wee, ni yangu mimi! Nilipomsomea pale kitandani nililia kwa fahari, mimi na mikono yangu hii yenye makovu ya pasi, nimo kitabuni! Ila mshauri, kaandika kwamba dobi wake anapiga pasi kola kuanzia katikati kwenda nchani. Jamani! Kola inaanzwa nchani kuingia katikati, ukigeuza, mikunjo yote inakimbilia nchani, dobi yeyote akisoma hapo atacheka mpaka akae chini. Zamani alikuwa anakaa kwenye stuli yangu dukani anaangalia kila kitu, hii kaandika kwa kukumbuka tu. Akaniuliza, "Umeionaje, mdogo wangu?" Nikasema, "Haina kasoro, kaka." Karatasi zinarudi kwa mchapishaji Ijumaa. Nimwambie nimvunje moyo, au ninyamaze?

Dobi wa Kona

Dada Dobi,

Pole kwa kuuguza. Sasa nisikilize, maana umeniudhi. Eti "haina kasoro"! Mtu aliyetumia maisha yake yote akiangalia fundi viatu anavyoshika sindano, wewe unamdanganya kuhusu kola? Huyo si wa kubembelezwa, bado yuko kazini. Ukinyamaza utakuwa umemstaafisha kabla hajasema amechoka.

Kesho beba pasi, beba na shati, nenda chumbani kwake. Usimhutubie. Piga pasi, yeye aangalie kama zamani pale kwenye stuli. Kisha aseme yeye, uandike wewe, na Ijumaa upeleke karatasi mwenyewe, kichwa juu.

Nami leo asubuhi nimepiga pasi shati langu kama alivyoandika. Nimekuja nalo kazini hivyohivyo, ncha zimekunjamana, wenzangu wananicheka tangu mlangoni. Mwambie kaka yako kuna msomaji wake anakisubiri kitabu, na kola mbovu shingoni.