Subiri, Mama Anapanda Joka

Jumatatu, 3 Agosti

Tiketi zimepatikana! Baba Kamanda ameingia na begi lake la nyaya na koleo begani, bahasha kaibana kwa meno. Nikadhani bili. Kumbe! Bustani ya michezo, Jumamosi hii, familia nzima. Nimepiga kelele mpaka mapacha wakaamka, nami ndiye niliyehangaika kuwalaza tangu saa saba mchana. Shauri yangu.

(Naandika kwenye simu, kwa kidole gumba. Mkono mwingine una mtoto. Mkono mwingine siku hizi huwa una mtoto.)

Kamanda hakupiga kelele. Binti yangu wa kwanza huyu, miaka sita, anasimama kama askari hata akiomba maji. Aliegemea mlango wa jikoni akauliza kitu kimoja tu. Na Joka je?

Hajasahau! Mwaka jana tulifika mpaka geti la ile treni ya Joka, inayopanda na kushuka mpaka roho inabaki nyuma. Mlinzi akamsimamisha kwenye kibao cha kupimia urefu, akatikisa kichwa. Akaniangalia mimi, tumbo liko mbele kama nimemeza kabati, akatikisa tena. Mmoja mfupi, mmoja mjamzito! Tuligeuka, mimi nacheka, yeye analia. Nikamwahidi: wewe ukirefuka, mimi nikijifungua, tunapanda. Sisi wawili tu. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara.

Sasa yeye karefuka. Na mimi nimejifungua, tena wawili kwa mpigo.

Jumatano, 5 Agosti

Mazoezi! Tumepanga viti vya mezani sebuleni, kimoja nyuma ya kingine. Kamanda dereva, mimi abiria. Tumepanda mlima, tumeinua mikono, tunaanza kushuka — Kipaza huyo! Ndiyo maana tunamwita Kipaza. Akilia, jirani anazima redio akidhani imeharibika. Pacha mwenzake, Sultani, analala hata paa liezuliwe.

Nikashuka kwenye treni. Niliporudi, dereva alikuwa amesharudisha viti mezani. Treni imeharibika, kasema. Hakununa. Bora angenuna.

Jioni nimepita mlangoni kwake. Kampakata mwanasesere wa plastiki, anamnyonyesha. Yule wa kitambaa, wa zamani, kamweka kando sakafuni, na anamwambia: subiri, mama ananyonyesha. Subiri, mama amechoka. Subiri, wewe ni mkubwa.

Maneno yangu yale! Mpaka sauti ni yangu. Nimeingia bafuni, nimefungua bomba, nimelia. Imeniuma, imeniuma kweli.

Jumamosi napanda Joka na mwanangu. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 6 Agosti

Mama mkwe kafika! Nimempokea begi na kabla hajakaa nimeshammwagia shida yangu yote. Kwamba Kipaza hashikiki. Akishikwa na baba yake, analia. Nikienda chooni, analia. Sasa Jumamosi nitapandaje treni?

Kanisikiliza, miwani imemshukia puani. Halafu kasema: niletee nguo unayolalia, na usiifue. Mtoto anamjua mama yake kwa pua kwanza, macho baadaye.

Nikaleta lile gauni langu la kulalia. Aibu tupu — maziwa yaliyochacha, jasho, mafuta ya watoto. Kalitandaza begani, kampokea Kipaza, kaniambia toka. Nikasimama nyuma ya mlango, nikatega sikio. Kimya. Nikachungulia: kalala begani kwa bibi yake, pua imezama kwenye gauni.

KIMYA! Nimerukaruka koridoni. Kamanda akaja mbio, nikamnyanyua, tukaruka wote. Mama mkwe katuangalia kwa ule uso wake mkavu. Mwanangu, kaniambia, mimi nilijua una watoto watatu. Kumbe mnatakiwa kuhesabiwa wanne.

Nampenda huyu mama. Simwambii, atavimba kichwa.

Ijumaa, 7 Agosti

Kufunga mizigo. Nepi, chupa, kofia, nguo za kubadili, na nguo za kubadili zile za kubadili. Baba Kamanda kauliza kama tunahama na hatujamwambia.

Lakini leo kajitahidi, nisimseme. Karudi kazini mapema, kaona tenga la nguo chafu, kaamua kunipunguzia mzigo. Kafua kila alichokiona! Nyumba nzima inanukia sabuni ya maua. Nimembusu mbele ya mama yake. Mama mkwe kageukia dirishani kuangalia mawingu.

Tumepanga na zamu pia. Pale bustanini wana utaratibu mzuri: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na wachanga, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Kwa hiyo na yeye atapata raundi yake. Ila ya kwanza ni yangu.

Kamanda amelala kajinyoosha kama rula. Anasema mtu akijikunja usiku anapungua.

Jumamosi, 8 Agosti, asubuhi

Tumefika! Tumefika, tumefika! Muziki huku, kengele kule, watoto wanakimbia kila upande na wazazi nyuma yao. Nimekaa kwenye benchi, namnyonyesha Kipaza ashibe kabisa.

Tumeshapanda farasi wa kuzunguka. Sultani kapanda akiwa macho, kashuka amelala, sijui alichokiona. Kipaza kachekea mapovu ya sabuni mpaka kapata kwikwi. Baba Kamanda kabadilisha nepi juu ya nyasi kwa ujasiri mkubwa, Sultani kamlenga shati, kamlowesha chapachapa. Tumecheka! Mama mkwe kasema hata yeye alifanyiwa hivyo na huyo huyo baba mtu, deni limelipwa.

Kamanda hatazami farasi wala mapovu. Anatazama juu tu, kule mkia wa Joka unakopita.

Twende mwanangu. Twende!

Jumamosi, kwenye foleni

Amepita! Kavua viatu mwenyewe, wasije wakasema ni soli. Kasimama kwenye kibao, kidevu juu, na kichwa kimevuka mstari! Mlinzi ni yule yule. Kaniangalia tumboni: na wewe, mama? Nikamwambia humu hamna mtu, ni mkate tu. Watu foleni nzima wamecheka.

Tumebakiza familia mbili mbele yetu. Kamanda ameshainua mikono —

Kipaza.

Namsikia. Katika kelele zote hizi namsikia yeye. Wako pale kwenye uzio. Mama mkwe ana gauni begani, anampapasa, anamwimbia, wapi! Analinusa, anarusha kichwa nyuma, analia zaidi. Mama mkwe naye kalinusa. Kamgeukia mwanawe. Nani kafua hili gauni?

Baba Kamanda kashika kichwa kwa mikono miwili. Nilikuwa nasaidia!

Ee Mungu wangu. Sabuni ya maua.

Familia moja mbele. Maziwa yameanza kutoka yenyewe, blauzi imelowa. Mwili unataka kuruka uzio. Miguu imeshageuka, sikuiambia.

Kamanda anaangalia viatu vyake. Kasema polepole, bila kunitazama: nenda tu, mama. Mimi ni mkubwa.

Jamani!

Nimevua sweta. Hili nimelivaa tangu alfajiri, lina jasho, lina maziwa, lina kila kitu. Nimelirusha juu ya uzio kwa nguvu zangu zote. Limetua kichwani kwa Baba Kamanda. Mama mkwe kalinyakua.

Zamu yetu.

Tumekaa. Kiti cha mbele kabisa! Chuma kimeshuka mapajani. Mlinzi anasema mama, weka simu. Naweka, naweka. Kipaza bado analia. Au amepunguza? Joka linanguruma, sisikii vizuri. Nakaza shingo kutazama kule. Naona sweta tu.

Kamanda kanishika mkono. Hushuki? anauliza.

Sishuki.

Kaniangalia sana. Halafu kageukia uzio, kavuta pumzi, kapiga kelele ambayo sijaisikia kwake tangu wale wawili wazaliwe. Subiri, Kipaza! Mama yuko na mimi!

Tunaondo