Kinamasi Alikokwenda Josphat

Sulay, Riyadh
Ijumaa, baada ya chai

Kwa mdogo wangu Jerusha, mama Roseline,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, hata ule wenye baridi yabisi nimeuinua. Hujambo? Mguu uliokuwa umevimba umerudi kutoshea kiatu? Na jogoo wangu mwekundu, bado anawika ama mlimla na mchungaji? Mimi ni mzima, ukiacha magoti, na jua la huku linalompika mtu bila kuuliza kama ameshaiva. Bado nalinda ghala la matairi la bosi. Hakuna tairi lililowahi kuibwa, na nasema ni kwa sababu yangu.

Utashangaa kuona barua badala ya sauti kwa simu. Sababu ni wewe. Ukipokea sauti yangu unaifungulia pale uani mpaka majirani wa ng'ambo ya mto wanasikiliza na kutoa maoni. Haya ya leo ni yako peke yako. Barua nimempa Truphena, yule mpishi, ambaye amemaliza kandarasi na anarudi nyumbani halas, moja kwa moja. Nimeifunga kwa gundi ya matairi. Ukiona imefunguliwa, ni yeye, na umwambie namsalimu.

Nimesikia umewaambia wazee wa kina Josphat wasije Desemba kumposa Roseline. Umefanya hivyo kwa neno langu. Mtoto hana baba, mjomba wake ndiye anayemwona huyo kijana kila siku, ukanisikiliza mimi. Sasa kaa chini, si kwa kile kigoda kilichovunjika, nikueleze habari hii tangu mwanzo.

Mwezi wa nne bosi alikuja ghalani akiwa na furaha. Alisema mama yake, ambaye sisi sote tunamwita Mama Kubwa, anataka kupumzika wiki mbili za mwezi wa nane huko Uingereza, kando ya bahari, apumue hewa baridi. Alihitaji mwanaume mmoja wa kusukuma kiti chake cha magurudumu. Akaniuliza, niende mimi ama aende Josphat, dereva wa nyumbani? Jerusha, moyo uliruka kama samaki kamongo ndani ya ndoo. Mama Kubwa ananipenda, kwa sababu humtukana paka wake kwa Kiswahili naye anacheka bila kuelewa. Basi nikajibu kwa nguvu, "Sawa sawa!"

Nina miaka kumi na mmoja huku. Najua kabisa kwamba Mwarabu akisikia sawa anasikia pamoja. Lakini furaha ilikuwa imenirudisha kwetu Bunyala, na ulimi ukajibu kama uko Bunyala. Bosi akaelewa kwamba nataka twende wote wawili. Alicheka mpaka tasbihi ikamwanguka, akasema tiketi ni moja, ya pili mafi, hakuna, na kwamba amependa sana vile sitaki kuachana na rafiki yangu. Kisha akayaangalia magoti yangu, akayakumbuka ya Josphat. Yalla, Josphat ndiye aende, akaingia gari lake. Ndivyo nilivyonyimwa Uingereza na mdomo wangu mwenyewe.

Wiki hizo mbili sitazisahau. Kila mchana, mimi na Elphas tunayelala naye chumba kimoja tukiwa juu ya sahani ya wali, bati likilia kwa joto, simu nayo inalia. Josphat. Josphat amevaa koti. Mwezi wa nane, koti!

Kijiji chenyewe jina lake lina herufi nyingi zinazokaa bure, hazisomwi. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya mviringo kama mayai, moja ina miaka mia nne na mwenyewe bado anakaa ndani anakunywa chai. Alisema zamani meli kubwa zilikuwa zikifika mpaka karibu na mlango wa kanisa. Halafu tope likajaa, bahari ikajiondokea zake, na leo kanisa linatazama nyasi. Mashua zimelala ubavu kwa matope kama ng'ombe wanaocheua, zinangoja maji yarudi. Kati ya kijiji na bahari hakuna kitu ila kinamasi.

Kinamasi, Jerusha! Kama chetu, ila hakina mafunjo, hakina kamongo, wala kiboko wa kumtia mtu mbio. Watu wanatoka London na darubini shingoni kuja kumtazama bata. Bata yuko kimya, nao wako kimya. Bata akiruka, wanaandika. Kuna kibanda cha mbao cha kukalia, na ndani yake kitabu, kila anayeingia anaandika jina lake na ndege aliyemwona. Nilimjibu Josphat kwamba mimi nimefukuza bata kwa shamba la mpunga la baba utoto wangu wote na hakuna hata mmoja aliyeniandika popote. Akacheka. Mimi sikucheka.

Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki ningu. Alipotuma picha ya sili, wanyama wa baharini, wakiota jua kwa mchanga, nilimwambia Elphas hao ni mbwa walionyeshewa. Alipotuma majani ya chumvi yanayomea kwa tope, ambayo wenyeji wanayachemsha na siagi, nikasema amekuwa mbuzi. Nilisema kijiji chote ni Naivasha tu, hakuna Uingereza hapo. Elphas akaniambia, mzee, wewe unaumwa. Nikamwambia ale wali wake.

Ndipo ikaja ile picha unayoijua. Josphat na mwanamke mzungu, nywele ziko kwa upepo, wameshikana mikono wanacheka. Nilikutumia siku hiyo hiyo, na maneno juu yake, kwamba kijana amepata kwingine na Roseline ajiokoe mapema. Wewe ukampelekea Roseline kule Jeddah kabla chai yangu haijapoa.

Josphat alirudi mwisho wa mwezi. Wiki ya pili alimpeleka Mama Kubwa Jeddah kwa binti yake, kwenye nyumba anakofanya kazi Roseline. Alikuwa amemnunulia skafu ya sufu. Mtoto wako hakutoka hata langoni. Skafu ilirudishwa na Joy, yule wanayepika naye, pamoja na ujumbe kwamba ampelekee mzungu wake. Kijana akarudi Riyadh, akaja kukaa juu ya tairi mbele yangu, akaniuliza, "Mzee, nimekosa nini?" Nilimmiminia chai. Nikamwambia wanawake ni wagumu kuelewa. Ndiyo, nilisema hivyo, nikapuliza kikombe changu.

Mwezi uliopita bosi alinituma Jeddah na lori la matairi. Nilimkuta Roseline siku yake ya mapumziko, huko mtaa wa Karantina kwa binamu ya Joy. Unakijua kile kicheko chake kinachoamsha mbuzi. Hakipo. Alinipakulia chakula vizuri kabisa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama picha ilikuwa ni hiyo moja tu. Nikamwambia ni hiyo tu. Chakula kilikuwa kizuri na sikukimaliza.

Sasa sikiliza. Josphat alikuwa ameniletea mimi pia zawadi. Ilikaa chini ya kitanda imefungwa, kwa sababu sikutaka kitu cha Uingereza chumbani mwangu. Juzi Elphas alifagia, akaniwekea juu ya mto. Nikaifungua. Ni unyoya wa bata, na ukurasa wa kile kitabu cha kibandani ameupiga picha na kuutia kwenye fremu. Katikati ya majina ya wazungu, kwa mwandiko wa Josphat, kumeandikwa: Zacharia wa Bunyala, mtaalamu wa bata.

Jerusha, mdogo wangu, ile picha niliikata.

Picha nzima ina watu saba. Wameshikana mikono wote, mstari mmoja, tope mpaka magotini. Yule mwanamke ndiye aliyekuwa akiwaongoza, ana wajukuu wawili wako pale pale nyuma ya Josphat. Aliyepiga picha ni Mama Kubwa mwenyewe akiwa kwa kiti chake pakavu, ndiye aliyemtuma kijana avuke kwa niaba yake amsimulie. Kidole chake chenye hina kimeingia pembeni. Nilikata watu watano. Nilikata kidole. Nilikata miguu yote. Na chini yake Josphat alikuwa ameandika, "Mzee, huku wanavuka kama kwenu." Hayo pia sikukutumia.

Unakumbuka mwaka wa mafuriko? Baba mbele, mimi nyuma yake, wewe nyuma yangu, kucha zako zimeingia kwa kiganja changu mpaka ng'ambo. Hakuna anayevuka kinamasi mikono mitupu, na hakuna wanaojua hilo kuliko wewe na mimi. Ndiyo maana niliondoa tope. Ungeliona lile tope, usingeniuliza hata swali moja.

Picha nzima iko ndani ya bahasha hii, nimeichapisha. Waite wazee wa kina Josphat. Roseline nitamwambia mimi mwenyewe, Josphat akiwepo: wanampeleka Mama Kubwa Jeddah Alhamisi, nimeomba ruhusa nipande nao. Kijana anadhani naenda kumwombea msamaha. Hajui ni nani atakayeombewa. Njia ni masaa tisa, nitakaa naye mbele.

Wasalimie watoto wote, na majirani wa ng'ambo ya mto, ambao safari hii hawajasikia kitu. Wazee wakija Desemba, usinunue kuku sokoni. Mchinje yule jogoo wangu mwekundu, uwawekee wao mapaja, na mtu akiuliza mwenye kuku yuko wapi, mwambie ukweli wa ile picha.

Ni mimi kaka yako, niliyekushika mkono,
Zacharia