Mkebe wa Susu na Florini ya Laban

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimerudi kutoka mjini uso ukiwaka. Naandika kabla hasira haijapoa.

Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kwa kile kikundi cha wakusanyaji sarafu. Wanakutana hotelini nyuma ya soko la Machakos, Jumamosi moja, wanaruka moja. Nilibeba mkebe wa Susu, nyanya yetu aliyetuacha mwezi wa Machi. Mkebe wa majani ya chai, ndani sarafu thelathini na moja za wakati wa wakoloni, nyingi ni shilingi zenye simba upande mmoja na mfalme upande wa pili. Aliniachia mimi. Si Kitheka kaka yangu – mimi.

Na jana nilizisafisha. Jivu na ndimu, mchana kutwa, mpaka vidole vikachubuka. Kwetu kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa watu kikiwa kichafu. Susu alisugua hata jembe kabla ya kumwazima jirani. Ningepelekaje mali yake mjini ikiwa nyeusi vile?

Nikazimwaga mezani, ziking'aa kama vijiko vya harusi. Halafu mwenyekiti wao, Laban, mwalimu mstaafu mwenye koti na kalamu mbili mfukoni, akacheka. Akaita wengine waje waone.

"Madam, umeziosha na nini? Umeziua."

Akasema hakuna mkusanyaji atazigusa. Ule weusi ndio ngozi ya sarafu, umejengwa na miaka mia, na mimi nimeuchuna kwa siku moja. Akainamisha moja dirishani nione mikwaruzo. Midogo, mingi, yote imeelekea upande mmoja, vile mkono wangu ulivyokuwa ukienda. Niliiona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tatu sikuwa nimezisugua, ndimu ziliisha. Hizo alizishika muda mrefu kuliko zote, akazigeuza na kuzigeuza, kisha akasema ndizo mbaya zaidi. Na ile yenye tundu, ambayo Susu aliivaa shingoni enzi zake za kucheza ngoma, akaisukuma kando kwa ukucha. Hiyo ni shanga, akasema, si sarafu.

Shanga! Hii kazi nitaijua. Hata kama ni kwa ubishi tu, nitaijua.

Jumapili, 3 Agosti

Zamu yangu ya kusugua vyombo vya kanisa. Vinara viwili na kikombe. Miaka kumi na moja nafanya hivi na sijawahi kuviangalia kweli.

Leo nimeangalia. Dawa ya kusugulia huacha unga mweupe ndani ya herufi, pale kitambaa hakifiki. Kinara cha kushoto kina jina la aliyekitoa, na kila herufi imejaa. Tena kingo za herufi zimelainika kwa mkono wangu, zimekuwa butu kama sabuni iliyotumika. Na mng'ao wake ni mmoja tu kila mahali, hauna juu wala chini.

Kumbe najua! Walinicheka kwa sababu nilisafisha. Sawa, nilikosea. Lakini kwenye ile meza yao, nani amesugua chuma miaka kumi na moja? Mtu wa kunidanganya mimi kuhusu kusugua hajazaliwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nilipitia kwa Abdishakur, fundi saa. Ndiye hututengenezea saa ya ukutani ya kanisa, na kila mara lazima aulize kama bado tunachelewa kuswali. Nikampa sarafu za Susu, zilizosuguliwa na zile tatu. Sikuficha kitu.

Hakucheka. Alivaa lile jicho lake la kioo, akaanza na zangu zilizoharibika.

"Usiiangalie kwanza, dada. Izungushe."

Akanionyesha chini ya taa. Ile ambayo haijaguswa, ukiizungusha polepole, mwanga unatembea juu yake, unazunguka nayo. Iliyosuguliwa, mwanga unakaa pale pale umelala. Akasema pia niogope weusi ulio sawasawa kila mahali, na unaobaki kwenye kidole: huo umepakwa juzi kuficha kitu. Niangalie mwaka, kama tarakimu moja imesimama tofauti na nyingine. Niangalie matundu yaliyozibwa, maana mafundi wa vito huziba kila siku, na kiraka hata kiwe kizuri namna gani hakilingani rangi na nguo.

Nilikaa saa mbili. Mteja akija, nampisha, akienda narudi. Ameniazima lenzi yake ndogo. Nimeahidi kwa jina la kanisa kuirudisha, akasema heri niahidi kwa jina langu.

Jumamosi, 9 Agosti

Laban amekuja hapa kijijini kwetu, Kalama! Kitheka ndiye aliyemleta, eti walikutana sokoni, na kuku akachinjwa. Mimi ndiye nimempika, bila kuulizwa.

Baada ya kula, mgeni akatoa mfukoni florini ya 1920 ndani ya plastiki ngumu. Pesa iliyotumika muda mfupi tu kabla ya shilingi, akasema, na ndiyo fahari ya kikundi. Anatuhurumia. Atatupa hiyo florini, na sisi tumpe mkebe wote, pamoja na zilizoharibika, pamoja na ile shanga.

Mtu anayekuhurumia mbona aje mwenyewe kwa pikipiki mpaka Kalama? Nilifikiria zile tatu alizozishika muda mrefu.

Nikaomba nione. Nilitoa lenzi ya Abdishakur na Laban akaacha kuchokonoa meno. Kupitia plastiki niliona unga mweupe ndani ya herufi – ule ule wangu wa Jumapili. Na juu ya kichwa cha mfalme, herufi moja nyembamba kuliko nyingine, imeegemea kidogo. Nikamwambia aitoe niizungushe. Akakataa. Sarafu ya daraja hiyo haishikwi na mikono, akasema, hilo ni somo la kwanza kwa wanaoanza.

Nikasema nitajibu tarehe kumi na sita, mbele ya kikundi.

Alipoondoka Kitheka alinigeukia. Kwamba mimi ndiye niliharibu mali ya Susu kwa mikono yangu, sasa mtu anakuja kutuokoa na mimi namletea kiburi. Kwamba yeye ndiye kifungua mimba, na tarehe kumi na sita atampa Laban mkebe mwenyewe.

Ni kweli, niliharibu. Na iliniuma. Lakini kuharibu ni kosa langu, na kosa langu halimpi Laban mkebe.

Jumatatu, 11 Agosti

Kitheka ameulizia mkebe. Nimesema sijui uliko. Uko ndani ya gunia la mahindi, la tatu kutoka ukutani.

Hiyo ya tundu nimekaa nayo mkononi tangu asubuhi. Hawa susu zetu hawakutoboa ovyo. Walitoboa juu ya kichwa cha mfalme, karibu na ukingo, ndipo ikining'inia mfalme asimame wima. Nimeona tatu nne kwa majirani, zote hivyo hivyo.

Juu ya kichwa. Pale pale kwenye ile herufi iliyoegemea ya florini ya Laban.

Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika hapa hapa mezani, hotelini.

Asubuhi niliutoa mkebe mwenyewe guniani. Nilitaka kuja nao nikiwa nimeubeba mimi, si kunyang'anywa. Shilingi ya tundu niliipitisha uzi mpya, nikaivaa nje ya blauzi waione. Kitheka alikuja pia. Tulipoketi alinichukulia mkebe, akauweka mbele ya Laban bila kuniangalia.

Tulikuwa watu tisa. Nikasimama. Nikasema niko na ombi moja tu, mzee aitoe hiyo florini kwa plastiki.

Laban akasema hapa si Tala sokoni, pa kupapasa mitumba. Wengine wakacheka. Nikabaki nimesimama. Kikanyamaza kicheko, mimi bado nimesimama. Ndipo Carol akaongea, msichana wa maabara aliyejiunga mwezi wa Juni.

"Si atoe tu? Kama ni poa, ni poa."

Akaitoa. Angefanyaje?

Nikaizungusha dirishani. Mwanga umelala. Lakini sikutaka kubishana nao kuhusu mwanga, hayo mtu anaweza kukana. Nikavua ya Susu shingoni. Shilingi na florini zinakaribia kuwa sawa kwa upana. Nikalaza ya Susu juu ya ya Laban, ukingo kwa ukingo, nikaisogeza taratibu. Tundu likaangukia juu ya kichwa cha mfalme. Na ndani ya tundu, kama dirishani, kidoa cha mviringo chenye rangi ya risasi, na mstari mwembamba ukikizunguka. Nikageuza zote mbili. Upande wa simba, kidoa pale pale. Lenzi nikampa aliye karibu yangu, ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka.

Nikasema: "Huyu mfalme wako pia aliwahi kuning'inia kwa shingo ya susu wa mtu. Wangu ako na tundu na hafichi. Huyu wako aliyemziba ni nani?"

Laban akasema na yeye aliuziwa hivyo. Halafu akasema mimi ni nani, wiki mbili tu. Halafu akaweka simu sikioni, akatoka nje kuongea. Mimi sikusikia simu ikilia.

Hiyo ni nusu saa sasa. Koti lake liko kwenye kiti. Florini iko mbele yangu, hakuna anayeigusa. Chai imepoa. Kitheka bado haniangalii, lakini ameutoa mkebe pale alipouweka. Uko mapajani mwake, mikono miwili juu ya kifuniko.

Na Carol ametoa kikaratasi kwenye pochi, akakisukuma mpaka kwangu. Ndani kuna shilingi. Ndiyo ya kwanza aliyonunua maishani, kwa Laban. "Na hii, aunty?" Hata kabla ya lenzi nimeuona ule unga mweupe kwenye herufi. Anaangalia uso wangu, sio sarafu.

Nasikia viatu vya Laban kwenye ngazi.

Nimemrudishia Carol shilingi yake, nimemwambia aende dirishani aizungushe, aone mwenyewe. Amesimama pale sasa, anaizungusha polepole. Mwanga hautembei.