Kwa Saidi, Kuhusu Ufa Uliouficha Chini ya Rangi

Saidi, uliyekuwa rafiki yangu na ukakaribia kuwa shemeji yangu,

Popote ulipo huko Kalemie, kaa chini usome. Sikuandikii kwa wema. Nimekaa na hasira hii siku tisa, naenda nayo kazini na kurudi nayo nyumbani, mpaka mke wangu ameniambia ni heri niimwage kwenye karatasi kuliko kuwamwagia watoto. Barua hii sijaifunga. Nimemwambia mwenye pikipiki anayeileta kwamba anaweza kuisoma, na yeyote atakayeipokea kabla yako aisome pia. Uongo niliosema juu yako niliusema mbele ya watu. Siwezi kuufuta kwa kunong'ona.

Juma lililopita nilitoa turubai juu ya ile gari.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulikuja kwenye atelie ya kuchomelea asubuhi na simu mkononi, ukanionyesha picha ya gari ambayo nilidhani imepata ajali. Haina kapo ya kufunika injini, motere yote iko nje kama utumbo wa mbuzi aliyechinjwa, magurudumu ya nyuma mapana, ya mbele membamba. Nikakuuliza nani kaivunja. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukanieleza kwamba kuna nchi ambako watu wanachukua magari ya babu zao, wanayavua nguo, halafu wanayajengea shasi mpya kwa mikono yao, kila mtu ya kwake, na huwezi kukuta mbili zinazofanana.

"Na sisi tujenge yetu," ulisema.

Nikakujibu kwamba gari inayolala chini namna ile haitafika hata sokoni kwa barabara zetu. Ukasema basi yetu tutaiinua. Ulikuwa na jibu la kila kitu, wewe. Hilo nalo linanikasirisha leo.

Vyuma tulivikata kwenye lile lori lililoachwa njiani tangu zamani za pamba, ambalo miti ilikuwa imeota katikati yake. Motere tuliipata Nyangwe, ndani ya kamionete iliyokuwa imegeuka banda la kuku, tukaileta kwenye mkokoteni siku tatu, tukisukumana kwa zamu na kutukanana kila tulipokwama kwenye mchanga. Tulichora shasi kwa chaki kwenye sakafu ya atelie, ukubwa wake halisi, ili tulaze vyuma juu ya mistari. Wewe ulishika kamba pembe hii, mimi pembe ile, tukapima mshazari mara nne, maana nilikuambia shasi ikipinda kidole kimoja leo, kesho gari itatembea kama kaa. Uliniamini. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika bageti ya kuungia chuma, kusikiliza mlio wa moto kabla ya kuutazama, kugonga maganda na kuangalia mshono ulivyolala. Ulikuja kwangu hujui hata kuvaa miwani ya kuchomelea. Miaka sita baadaye ulikuwa fundi, na watu wa Kasongo walianza kukuuliza wewe kwanza. Sikukuonea wivu. Au nilikuonea kidogo, sasa najua.

Siku za kazi hiyo Mwamini, mdogo wangu, ndiye aliyetuletea ugali na sombe. Alikuwa anapanda juu ya vile vyuma viwili virefu vya pembeni, mguu huku na mguu huku, anarukaruka kujaribu kama vitacheza, na wewe ulikuwa unaacha kazi unamtazama. Niliona. Nilifurahi. Nilijiambia, huyu akimwoa dada yangu, nitakuwa nimepata ndugu bila mama kumzaa.

Sasa tuje kwenye siku ile ya mvua. Nimeirudia kichwani mara nyingi juma hili. Tulikuwa tunafunga chuma cha kukingama nyuma ya motere, na kona ya kulia ilikuwa zamu yangu. Wingu limeshika upande wa mto Lualaba, essence ya grupe, mafuta ya jenereta, inakaribia kwisha, nami nina homa tangu asubuhi na sitaki mtu ajue. Nikapitisha bageti haraka haraka. Ulichuchumaa karibu yangu, ukatazama, ukauliza kwa sauti ya chini: "Moto imeingia mupaka chini?"

Nilikujibu vibaya. Nilisema, "Nani alikufundisha hii kazi?" Ukasimama, ukaenda kufunika vyombo. Na hukuuliza tena.

Juma lililofuata uliniambia nipumzike, rangi ni kazi yako. Ulifunga mlango wa atelie siku nzima. Nilipokuja kesho yake gari ilikuwa nyekundu, inang'aa, na harufu ya rangi imejaa mpaka barabarani. Nilikukumbatia, Saidi. Nilikusifu kwa kunifichia jeraha.

Halafu ukaipitisha mjini, watu wakatoka madukani, wanafunzi wakakimbia nyuma yetu mpaka viatu vikawatoka. Mama mmoja muuza mchele alisema gari hii imesahau kuvaa. Ilikuwa na mlio mzito ambao mtu aliusikia kifuani kabla ya masikioni. Sijapata siku nyingine kama ile, na siku hiyo nayo umenichukulia.

Kwa sababu ilipofika wakati wa kumpeleka Mwamini Kabambare ili mjomba wetu akuone na kukubali ndoa, ulikataa kabisa kwenda na pikipiki kama watu wengine. Ulitaka kufika kwa mkwe ukiendesha kitu ulichojenga. Tulikwenda watatu. Tulisukuma kwenye matope, tukapanga magogo upya kwenye madaraja, na siku ya pili tukaingia Kabambare. Mjomba aliizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akauliza kama tumemaliza kuijenga au bado. Kisha akacheka, akakupa mkono, na neno likawa limekwisha. Mwamini alijifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko wake ili tusione uso wake.

Tulipokuwa tunarudi, mbele kidogo ya Lusangi, gurudumu la kulia liliingia kati ya magogo mawili ya daraja. Haukuwa mwendo mkali. Nilisikia mlio mmoja, mkavu, kama mtu kavunja kuni gotini. Kona ile ya kulia iliachia, shasi ikajikunja katikati, motere ikalala upande, na mguu wa Mwamini ukabaki chini ya chuma. Mimi na wewe tuliinua. Sijui tuliinua namna gani. Watu wa shambani walikuja mbio, wakaufunga mguu kwa vijiti na kitambaa cha kichwani, tukampakia kwenye pikipiki kati ya dereva na mimi. Njia nzima hakulia. Alikuwa ananiuliza tu kama wewe umeumia.

Mfupa uliunga vibaya. Hilo ulilijua kabla hujaondoka.

Siku Baba alipoita watu wa familia, niliingia nikiwa na jibu tayari. Baba aliuliza jambo moja, nani alichomelea kona iliyoachia: "Nani alifanya sudire ya pale?" Nikasema, "Ni Saidi." Nakuapia kwamba nilipolisema nilikuwa naliamini, au nilikuwa nimejilazimisha kuliamini kwa majuma matatu, jambo ambalo si tofauti sana. Shasi ilikuwa imeletwa kwa lori na kutupwa nyuma ya atelie. Ningetembea hatua ishirini tu nikaangalie. Mkono wangu ni wa kushoto, mishono yangu inalala upande ambao hakuna fundi mwingine wa Kasongo anayeulaza. Hata kipofu angeipapasa akajua. Sikwenda. Nilitupa turubai juu yake nikaweka na mawe pembeni ili upepo usiifunue. Sikujua, ndiyo. Lakini nilifanya bidii ya kutojua.

Na wewe ulinitazama. Nilidhani unanitazama kwa aibu. Kisha ukainamisha kichwa, ukasema: "Kosa ni yangu, Baba. Munisamehe."

Baba alivunja uchumba papo hapo. Mama alitoka nje. Siku tatu baadaye ulipanda pikipiki ya kwenda Kalemie, na namba yako ya simu haikuita tena. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nimewaambia wateja, wakiniuliza ulipo, kwamba ulikuwa fundi mwenye mkono mwepesi, na kwamba nilikuonya. Nilisema hivyo, Saidi. Nilikuonya.

Juma lililopita mtu wa Nyangwe alitaka trela la kuvuta kwa pikipiki. Nilikosa vyuma, nikaenda nyuma ya atelie nikaondoa mawe. Kona iliyovunjika ilikuwa juu kabisa. Nilipoigusa na meuleuse, ile mashine ya kusaga chuma, chini ya rangi nyekundu ikatoka mastiki ya kuzibia, na chini ya mastiki kikatoka kipande cha bati, kama kiganja cha mkono, kimezungushiwa mishono midogo, safi, yako. Kilikuwa kimepasuka katikati. Nikakikata. Chini yake nikaukuta mshono wa mkono wa kushoto, una matundu kama mkate, umelala juu ya chuma bila kuingia ndani, na ufa wake una kutu ya zamani kuliko ajali.

Nilikaa palepale kwenye majani. Mteja aliniuliza kama nimejikata.

Uliuona ufa kabla ya kupaka rangi. Badala ya kuniita, ulikata bati, ukabandika kiraka, ukakisiliba, ukakipendezesha. Najua utasema nini. Utasema siku ile uliponisahihisha mbele ya wateja sikukusemesha siku nne. Ni kweli. Utasema mimi ndiye mwalimu. Ni kweli pia. Lakini ungenikasirisha, Saidi. Siku nne za kununiwa ni nini? Ungekata ile kona yote ukaniwekea mezani ukasema, tazama takataka yako. Ningekutukana, ningeondoka, ningerudi jioni nikaichomelea upya. Ulikuwa unanijua vya kutosha kuogopa hasira yangu, ila hukunijua vya kutosha kujua kwamba inapita. Ulinifanya mtoto anayefichiwa habari ya msiba.

Na siku ya Baba ulinifanyia kibaya zaidi. Ulijitwika kosa langu ukaniacha niwe mwongo, ukaondoka na heshima ambayo hakuna aliyeiona. Uliona ni wema? Wema huo nimeubeba mgongoni bila kujua, na sasa nimejua, sina pa kuutua. Ningependa nikuchukie vizuri, lakini kila nikianza nakuta mshono wangu katikati.

Nilimwambia Baba siku iyo hiyo, nikiwa na kipande kile mkononi. Alikigeuza, akaniambia niwaite tena wote waliokuwepo. Niliwaita. Nilisema mbele yao kwamba sudire ni yangu, na kwamba nilikusingizia. Mjomba alikuja mwenyewe kutoka Kabambare kwa ajili hiyo. Hakuniaga wakati wa kuondoka.

Ila Mwamini nilimwambia peke yake kwanza, kabla ya wote. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, mguu ule ameunyosha mbele. Nilidhani atalia, au atafurahi kwamba jina lako limesafishwa. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Alijua kama iko na ufa?" aliuliza.

Nikasema ulijua.

"Na akanipandisha."

Nilianza kukutetea. Unasikia? Mimi, niliyekuja na hasira kifua tele, nilianza kusema labda uliamini kiraka kitashika. Akanikatiza bila kupandisha sauti, akiniita yaya, kaka mkubwa, kama tangu utotoni. "Yeye alikuchunga wewe usipate haya, yaya. Wewe ulijichunga. Mimi, nani alinichunga?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Nimeliweka hapa ili na wewe ulibebe.

Watu wa nyumbani sasa wanazungumza. Baba anasema atume mtu kwako, ndoa irudishwe, kana kwamba ni mbuzi aliyepotelea kwa jirani. Mama ameanza kutaja nguo. Mwamini amewaambia wote waache. Nilipomwuliza niandike nini kutoka kwake, alifikiri, akasema niandike hivi: "Aje yeye mwenyewe anielezee. Asitume mutu. Nikishamusikia, ndio nitajua." Nikamwuliza atajua nini. Akasema hilo si la kwangu.

Kwa hiyo sikuahidi kitu. Huenda utakuja akusikilize, akurudishe kwenye pikipiki uliyokuja nayo. Huenda hapana. Anatembea mpaka sokoni sasa, polepole, na fimbo aliyochonga mwenyewe, na hataki nimsindikize.

Mimi nina langu pia. Siwezi kukugombeza vizuri kwenye karatasi. Kila nikiandika neno baya naona sura yako umeinamisha kichwa, na naandika jingine dogo zaidi. Nataka usimame mbele yangu ndani ya atelie, uinue uso, uniite mwongo, nami nikuite mwoga, mpaka majirani watoke. Nimekuwa na hasira peke yangu siku tisa na imenishinda. Njoo tuigawane.

Safari iwe njema, lakini isiwe ndefu.

Mimi, kaka yake Mwamini,
niliyekufundisha kazi na kukusingizia.