Filta ya Mke Mkubwa

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono wangu haujui kuanza barua kwako kwa namna nyingine. Tangu tukuzike zimepita mvua za misimu miwili, vuli na masika, na nina mambo ambayo mkeo Mama Beno amechoka kuyasikia. Jana kaniambia, "Tekla, mwandikie mwenyewe." Basi nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa waya. Usinune.

Kwanza nikushtaki. Umewapiga picha watu wa Morogoro nzima, maharusi, wahitimu wa chuo cha Mazimbu, watoto wa ubatizo, hata mbuzi wa padri, lakini siku ya msiba wako tulipekua nyumba nzima tusipate picha yako hata moja. Tukaishia kukuza ile ya kitambulisho. Mjomba, kwenye ile picha unafanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Ndiyo iliyokaa juu ya jeneza. Mtani wako Mnyamwezi aliitazama, akatangaza mbele ya waombolezaji kwamba aliyemo humo siye, turudi zetu nyumbani. Watu walicheka, nami nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Siku ya arobaini ukoo ulikaa. Wazee walisema vifaa vya kazi viende kwa mtoto wa dada, kama ilivyo kwetu Waluguru, na mwanao Beno mwenyewe ndiye aliyenikabidhi mkoba. Ndani nilizikuta kamera zako zote mbili: ile ya zamani ya chuma uliyoiita mke mkubwa, na ile ya betri uliyoinunua uzeeni ukaiita mke mdogo. Mama Beno hakuwahi kuupenda utani huo na bado haupendi. Mke mdogo alikuwa na mkanda wa picha thelathini na sita ndani, namba imefika thelathini. Zilibaki picha sita.

Nilijua papo hapo nitazitumia kwa nini. Unakumbuka picha ya Mama, dada yako, iliyo ukutani kwa Bibi kule Mgeta. Uliipiga wewe kabla sijazaliwa, na baada ya Mama kufariki ndiyo pekee iliyonionyesha sura yake. Negativu yake iliharibika zamani. Nayo karatasi imegandana na kioo kwa unyevu wa mlimani, ukiibandua unambandua na uso. Ukungu ulianzia kwenye kona. Mwaka jana ulikuwa begani, na masika haya umefika kidevuni. Kuipeleka mjini Bibi hataki hata kusikia. "Huyu alishatoka mara moja," anasema. "Hatoki tena." Wewe ulimwahidi kwamba utaipiga upya pale pale ndani. Nilidhani umekufa hujaanza.

Ningeweza kutumia simu. Nilijaribu, nikajiona mimi na simu yangu usoni pa Mama. Ni kweli, ningeweka filta ya kamera mbele ya simu kazi ingeisha. Lakini mkanda ulikuwa wako, umeuacha katikati, na sikutaka uishe kwa kupiga paka.

Kwa hiyo nilichukua ile filta yako ya kuua mng'ao, ile uliyoitumia miaka yote kuondoa mwanga wa maji na vioo, nikaifunga kwenye mke mdogo. Nikapanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Bibi akanipa chai ya tangawizi na lawama za kukonda, kisha tukaiegemeza picha karibu na dirisha. Nikasimama kwa upande kama ulivyonifundisha, maana ukisimama mbele kabisa filta hiyo haifui dafu. Nikaizungusha taratibu. Bibi akaniuliza mbona naizungusha kama kifuniko cha chupa iliyogoma. Mng'ao ukaondoka, na Mama akatokea mzima, na lile jicho la kushoto linalocheka peke yake. Kipima mwanga cha kamera kikasema sawa, nami nikapiga tatu.

Halafu nikaona kitu. Kila nilipogusa filta, namba za kipima mwanga zilicheza. Nikageuzia kamera kwenye ukuta wa chokaa, ambao hauna mng'ao wowote, nikaizungusha tena. Ukuta ni ule ule, mwanga ni ule ule, namba zinapanda na kushuka. Hapo nikakusikia: "Kamera ina jicho, haina akili. Uliza kiganja." Nilikuwa sijauliza kiganja, yaani sijapima mwanga kwenye kiganja changu kwanza. Nilikuwa nimeamini kwa kuwa kamera ni yako na filta ni yako, nikasahau kwamba haziko nyumba moja.

Nikashuka mjini zikiwa zimebaki tatu. Fundi mmoja wa kamera alinicheka kwanza, ndipo akanieleza. Mke mkubwa hupima mwanga moja kwa moja, kwa hiyo filta yoyote anaipokea. Mke mdogo ana kioo cha ndani kinachopitisha mwanga kidogo kwenda kwenye kipimo chake, na filta ya zamani, inayoupanga mwanga uelekee upande mmoja, inakivuruga kioo hicho. Kwake inatakiwa aina nyingine, ile wanayoiita ya duara, ambayo baada ya kuua mng'ao inauchanganya mwanga upya. Akaniazima yake. Niliijaribu kwenye ukuta wake mweupe, nikaizungusha mpaka mkono ukachoka, na namba hazikusogea.

Safari ya pili nilifanya yote mawili. Nilifunga ya duara nikasoma kipimo cha kamera. Kisha nikaivua, nikapima mwanga kwenye kiganja changu pale pale dirishani, nikaongeza mwanga kidogo kwa ajili ya weupe wa kiganja na kidogo kwa ule unaoliwa na filta. Vikakubaliana. Nikapiga zile tatu bila kupumua, na mkanda ukajirudisha wenyewe.

Jumapili baada ya misa niliziba dirisha la chumba chako kwa blanketi nikausafisha mkanda. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokaa chini sakafuni.

Za mwisho tatu ni nzuri. Mama yupo. Zangu tatu za kwanza zimekufa, negativu nyepesi karibu uwazi mtupu. Lakini kabla yazo kulikuwa na nyingine tatu zilizokufa kifo hicho hicho, na ni picha ile ile. Za kwako, Mjomba. Kumbe ile wiki ya mwisho, ulipotuaga unakwenda kumwangalia Bibi kwa ajili ya mafua yake, ulikuwa umebeba kamera. Wewe uliyenichapa kofi la mkono kwa kusahau kiganja, ulimwamini mke mdogo ukampa filta ya mke mkubwa. Nilicheka peke yangu gizani. Nilipomuuliza Bibi kwa nini hakuniambia, alijibu, "Hukuniuliza."

Na kabla ya hizo kuna moja zaidi, ya ishirini na saba. Hiyo uliipiga bila filta, nadhani ya kujaribu tu, kwa hiyo kipimo hakikukosea. Umeiweka kamera kwenye stendi na kusimama pembeni yake, mbele kabisa ya kioo, na dirisha liko nyuma yako. Kioo kimekuchukua. Umefifia kidogo, shati lako la drafti, miwani imeshuka puani, na umesimama bega kwa bega na dada yako. Unamtazama yeye. Hukujua kabisa kwamba unapigwa picha.

Nimekukumbuka, Mjomba. Nimekukumbuka mpaka nimewachokea watu wanaoniambia nizoee.

Nimezisafisha zote mbili, ya Mama na hiyo ya ishirini na saba, kwa ukubwa mmoja, kwa mashine yako ya kukuzia. Ile ya kitambulisho Mama Beno ameifungia kabatini mwenyewe. Nilipompelekea Bibi, alimwangalia Mama kwanza, akasema amekonda, lakini ni yeye. Ni kweli, ukipiga kwa upande uso unakuwa mwembamba. Kisha akaishika ya ishirini na saba, akaitazama mpaka chai ikapoa. Nilimweleza kwamba mng'ao ule ningeweza kuupunguza. Akaniangalia kana kwamba nimetaka kuuza shamba la ukoo. "Hawa," akasema, "hawatoki tena."

Filta yako nimeirudisha kwa mke mkubwa, na hapo ndipo itakapokaa. Ya fundi nimemrudishia, nikatafuta yangu ya duara. Na kiganja nitauliza kila mara, hata kamera ikijigamba namna gani.

Safari hii nimeweka vipande vya kadibodi pembeni mwa fremu, karatasi isiguse kioo. Lakini Mgeta ni Mgeta, unyevu hauishi. Pumzika, Mjomba. Kila masika nitapanda kwa Bibi na kitambaa kikavu, niwafute ukungu nyote wawili.

Mpwa wako,
Tekla