Viinitete Vitatu na Zamu Yangu ya Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya kliniki imefika. Nimeisomea chooni, mahali pekee ambapo Waziri hanifuati. (Waziri ni binti yetu wa miaka minne. Tunamwita hivyo maana ukimuuliza swali hili anakujibu lile.) Muda wa kututunzia viinitete, yaani mayai yetu yaliyorutubishwa kliniki, umekwisha — miaka mitano, kama mkataba ulivyosema. Vimebaki vitatu. Kupandikiza tena hakuwezekani, daktari alishanikataza siku ile ile Waziri alipozaliwa. Kwa hiyo kwenye fomu kuna visanduku viwili tu: viteketezwe, au vitolewe kwa utafiti wa seli shina, zile za kutafutia tiba, iwapo sheria itapita. Sahihi mbili, ya mume na ya mke. Mwisho Jumatano ya wiki ijayo. Tusiporudisha fomu, vinateketezwa.

Mume wangu katia alama kwenye utafiti kabla chai haijapoa. Fundi lifti huyo — kwake kila jambo ni kupanda au kushuka! Anasema afadhali vimfundishe mtu kitu kuliko vimwagwe. Mimi nimesema nitafikiria.

Na muswada wa sheria hiyo unajadiliwa wapi wiki hii? Kazini kwangu, bungeni. Bahati gani hii!

Jumanne, 4 Machi

Kamati imeanza kusikiliza wananchi. Sisi wachapaji tunapokezana: dakika kumi unasikiliza ukumbini, kisha mwenzako anakupokea nawe unakimbilia mashine kuchapa neno kwa neno. Hutakiwi kuwa na maoni. Unatakiwa kuwa na masikio na vidole.

Nimempata mchungaji. Uhai unaanza siku ya kwanza, akasema, na anayechezea kiinitete anachezea mtu. Zamu iliyofuata, sheikh akasema roho hupulizwa baada ya siku mia na ishirini, kwa hiyo kabla ya hapo pana nafasi ya kutafutia watu tiba. Sheikh wa pili akamkatalia palepale, kwa adabu zote. Profesa akaomba tu watu wasiahidiwe miujiza. Mchana nikawakuta wote wanne kwenye benchi moja la korido wakigawana gazeti. Mchungaji alikuwa na ukurasa wa michezo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeumbuka!

Alikuja dereva wa lori aliyevunjika uti wa mgongo, amesukumwa na mkewe kwenye kiti cha magurudumu. Hakuomba huruma. Alisema anajua yeye hatatembea tena; anachotaka ni kwamba atakayevunjika baada yake asiambiwe hakuna aliyejaribu. Basi, akamaliza. Nikaenda kuchapa. Saa nane Mhariri, bosi wetu, ananiita, ananivalisha hedifoni, ananirudishia rekodi. Baada ya maneno ya dereva — kimya. Mtu anakohoa. Lakini kwenye ukurasa wangu, ndani ya mabano safi kabisa, nimeandika: (Makofi).

Miaka kumi na mmoja sijawahi kuongeza hata mkato! Mhariri hakufoka, ni mpole yule. Aliuliza tu, "Makofi haya ni ya nani, dada?" Akayafuta. Lakini nikajua msimamo wangu ni upi. Jioni nikamwambia mume wangu nitasaini kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Sikusaini. Mama!

Mama yangu ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Nilijua wataleta maoni yao. Sikujua ataangukia kwenye dakika kumi zangu. Akaingia na suti ya kijivu, akanipita bila kunitazama, kama inavyotakiwa.

Hajui. Hakuna ndugu anayejua. Tulisema Waziri alipatikana baada ya maombi mengi — na maombi yalikuwepo, sikudanganya. Niliruka tu sehemu ya kliniki.

Mama kaongea vizuri mno. Hakusoma karatasi. Katikati akasema: "Mimi nina mjukuu mmoja. Nimempata kwa kupiga magoti. Hakupita kwenye friji ya mtu yeyote." Wajumbe wakacheka. Safari hii kicheko kilikuwepo kweli, kwa hiyo nikaandika (Kicheko). Nilikosea herufi mara tatu.

Waziri alikuwa mmoja wa wanne. Siku moja, chombo kimoja, daktari akachagua. Angechagua mwingine, Waziri ndiye angekuwa anangoja sahihi yangu. Nalipenda toto langu hili. Na dereva wa lori naye simtoi kichwani.

Jumapili, 9 Machi

Mama kapiga simu mara tatu: maneno yake yametoka vizuri? Yametoka, Mama. Kalamu sijaigusa. Mume wangu haulizi, ila anaosha vyombo kwa kelele.

Jumanne, 11 Machi

Kila aliyezungumza hupelekewa nakala ya maneno yake. Anaruhusiwa kusahihisha makosa ya kuchapa, haruhusiwi kubadili alichosema, kisha anatia sahihi. Ya Mama nimejitolea kuipeleka mwenyewe. Saa tisa nimefika kwake, na Waziri, ambaye ameanza moja kwa moja kuzipanga upya sufuria za bibi yake.

Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kajiridhisha. Alipofika kwenye ule mstari nikashindwa.

"Mama, Waziri alipita."

"Alipita wapi?"

"Kwenye hiyo friji."

Nikamwaga yote bila kupumua — kliniki, wale wanne, hivi vitatu, visanduku viwili, mwisho kesho saa sita. Mama akavua miwani. Akamtazama Waziri na sufuria zake. Nilisubiri radi. Aliuliza kama anaweza kuufuta mstari. Nikasema kanuni hairuhusu. Akasema basi ubaki, aliusema. Akasaini nakala.

Kisha, kwa sauti ya chini: "Umeme ukikatika?"

Nikamweleza havitumii umeme, vimo kwenye mtungi wa baridi kali.

"Mtungi nao huisha. Nani anauangalia?"

Miaka mitano, sijawahi kuuliza! Nilimwambia kinachotakiwa sasa ni kuamua, si mtungi. Akasema nimpe namba ya kliniki.

Naandika haya mezani kwake, fomu imo mkobani, kisanduku alichochagua mume wangu kina alama na pengo la sahihi yangu liko tupu. Mama yuko sebuleni na simu. Nimemsikia wakimuuliza ni nani.

"Mimi ni bibi yao," kasema.

Wamemwambia asubiri kidogo. Anasubiri.